Kulirudia Ziwa Babati

Historia ya taifa aghalabu husimuliwa kwa majina ya watawala, vita na mikataba. Ni haki isimuliwe hivyo, lakini hiyo si historia yote. Iko nyingine iliyohifadhiwa na mahali penyewe: ufuko, mkondo, kilima. Mzaliwa wa pwani akirejea Kilwa Kisiwani na kuona jinsi bahari ilivyoimega ngome ya Gereza, hupata somo ambalo kitabu peke yake hakiwezi kumpa. Mimi sikulelewa pwani. Ufuko wa utoto wangu ni wa Ziwa Babati, na nilipourudia baada ya miaka mingi ya utumishi katika mikoa mingine, ulinikumbusha somo nililopewa zamani nikalipuuza.

Mji wa Babati, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2002, umo ndani ya Bonde la Ufa, chini ya Mlima Kwaraa wenye kimo cha zaidi ya mita 2,400. Hapo ndipo wanapokutana Wagorowa na Wairaqw, ambao lugha zao ni za Kikushi. Warangi na Wambugwe, ambao lugha zao ni za Kibantu. Na Wabarbaig, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Katika soko moja mwanafunzi aweza kusikia jamaa tatu kubwa za lugha za Afrika, na Kiswahili kikiwaunganisha wasemaji wake wote.

Katika utoto wetu ziwa lilikuwa ndilo uso wa mji. Asubuhi wavuvi walirudi na mitumbwi yao kupitia matete, wakileta perege na kambare. Viboko walishinda majini, na usiku walitoka kula majani. Nasi watoto tulifundishwa mapema kutosimama kati ya kiboko na maji. Kina mama walichota maji ya kunywa, kwa kuwa maji yale ni matamu. Hilo tuliliona jambo la kawaida, mpaka tulipokwenda kuliona Ziwa Manyara, upande wa kaskazini, ambalo maji yake ni ya magadi.

Nilimwuliza bibi yangu sababu ya tofauti hiyo. Akanijibu, "Ziwa letu lina mlango. Siku nyingi mlango hufungwa, lakini likishiba hufungua na kupita. Usijenge mlangoni pa mtu." Niliyachukua maneno hayo kuwa hadithi ya jioni. Miaka mingi baadaye nilisoma maelezo ya wataalamu: ziwa lisilo na pa kutolea maji hubaki na chumvi yote inayoletwa na mito, kwa kuwa jua huchukua maji na kuiacha chumvi. Ziwa likidumu kuwa tamu katika nchi kavu, basi maji yake yana njia ya kutoka, ama chini ya ardhi, ama juu yake katika miaka ya mvua nyingi. Bibi hakusoma elimu ya maji, lakini alijua jambo lile lile.

Nalo ziwa lilithibitisha. Lilifurika mwaka 1964, likafurika tena mwaka 1979, na kwa mara nyingine mwaka 1990. Ya mwaka 1979 naikumbuka kwa macho ya mtoto: tulifurahi kuona maji mahali tulipozoea kucheza. Ya mwaka 1990 siwezi kuikumbuka kwa furaha. Maji yaliingia mjini, yakabomoa nyumba, na watu wakahama na magodoro vichwani.

Hapa yanipasa kusema kosa langu. Mwaka mmoja kabla ya mafuriko hayo nilikuwa karani mdogo katika ofisi moja, na majalada ya viwanja yalipita mikononi mwangu. Niliona majina ya watu waliokuwa wakijenga kwenye bonde lile ambalo bibi aliliita mlango. Nilikumbuka maneno yake, nikanyamaza. Niliona haya kuyapeleka maneno ya kikongwe mbele ya wakubwa wenye ramani. Labda wasingenisikiliza, lakini sikuwapa nafasi ya kunisikiliza.

Tusilisingizie ziwa peke yake. Miaka ilivyopita miti ilifyekwa, mashamba yakapanda milimani, na udongo ukateremka na mvua hadi katika ziwa ambalo tangu awali halina kina kirefu. Mji nao ulikua ukiitazama barabara kuu, ukalipa ziwa kisogo. Lakini wananchi wa wilaya hiyo hiyo wameonyesha pia kwamba wanaweza kutunza. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vinavyouzunguka msitu wa Duru-Haitemba vilikabidhiwa usimamizi wake, vikajiwekea sheria ndogo na walinzi wao wenyewe. Mfano huo ukawa miongoni mwa misingi ya hifadhi za misitu ya vijiji nchini Tanzania.

Niliporejea, barabara ya lami kutoka Dodoma, iliyozinduliwa mwaka 2018, ilinifikisha mjini kabla sijamaliza kuwaza. Viboko wangaliko, na matete pia. Nilimkuta kijana akiosha pikipiki ufukoni, nikamwuliza maji ya ziwa hili hutokea wapi yakijaa. Akacheka kwa adabu, akasema, "Shikamoo mzee. Hilo sijawahi kuambiwa."

Hakukosea yeye, tumekosea sisi ambao tulipaswa kumwambia. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, wengi wetu tulikuja kufikiri utamaduni ni ngoma na mavazi tu. Lakini kujua maji ya kwenu hupita wapi nako ni utamaduni, na hakuna taifa linalodumu bila maarifa hayo. Kwa hiyo, walimu, watumeni wanafunzi kwa wazee wakiwa na daftari na kalamu. Waulize maji yaliwahi kufika wapi, mwaka gani, na mahali hapo paliitwaje. Kisha majibu hayo yafikishwe ofisini, wala asiwepo karani wa kuyaonea haya.