Waraka wa Brussels Uliowaponza Wavuvi wa Msumbiji

Januari 2028 itatimia miaka 30 tangu Ulaya iwafungie mlango samaki wa Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Kwenye Ziwa Viktoria kisa hicho bado kinasimuliwa, maana viwanda vya sangara ndivyo vilivyoumia zaidi. Lakini uamuzi wa Kamisheni ya Ulaya wa tarehe 16 Januari 1998 ulitaja nchi nne: Uganda, Kenya, Tanzania na Msumbiji. Hiyo ya nne husahaulika. Na ndani ya hiyo ya nne, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Ibo na Pangane hadi Mocímboa da Praia na Palma, husahaulika mara mbili.

Masharti yenyewe yalikuwa yameanza mapema. Mwaka 1991 Ulaya ilitoa agizo la pamoja kuhusu usafi wa samaki, likaanza kutumika 1993. Nchi inayouza ilitakiwa iwe na mamlaka ya ukaguzi inayotambulika, na mwenye kiwanda ajikague mwenyewe hatua kwa hatua na kuweka kumbukumbu za kila siku. Msumbiji ndiyo kwanza ilikuwa imetoka vitani, mkataba wa amani ukiwa umetiwa saini Roma Oktoba 1992. Taasisi ya viwango ya taifa, INNOQ, iliundwa mwaka huohuo wa 1993. Yaani mtihani uliletwa siku mwanafunzi alipoandikishwa shule.

Agosti 1997 kipindupindu kililipuka Maputo. Mvua za El Niño zikafuata, na ugonjwa ukatapakaa Afrika Mashariki. Tarehe 23 Desemba, wakati ofisi nyingi zikijiandaa kufunga kwa Krismasi, Brussels ilitoa uamuzi wake wa kwanza. Haukumaliza hata mwezi. Ule wa Januari ukachukua nafasi yake. Mfanyabiashara aliyekuwa bado anatafuta mtu wa kumsomea waraka wa kwanza akakuta umekwisha kufutwa.

Ni hati fupi, na inafaa kusomwa polepole. Samaki wabichi: marufuku. Waliogandishwa au kusindikwa: kila shehena ichukuliwe sampuli, ipimwe vijidudu vya salmonella na vya vibrio, jamii ambayo kijidudu cha kipindupindu kimo ndani yake. Gharama ni juu ya anayepeleka, anayepokea au wakala wao. Kisha kinakuja kifungu cha msamaha: mazao yaliyovuliwa, yakagandishwa na kufungwa humohumo baharini katika vifungashio vyao vya mwisho, halafu yakashushwa moja kwa moja Ulaya, hayaguswi na uamuzi huu. Mantiki ipo, sikatai. Kijidudu cha kipindupindu huenezwa zaidi na maji machafu ya nchi kavu na mikono inayonawa humo. Lakini chombo chenye mtambo wa kugandishia na kufungashia katikati ya bahari si ngalawa ya Palma. Mwenye meli kubwa alipita, wa ngalawa akabaki nje.

Hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Shirika la Afya Duniani, WHO, na lile la Chakula na Kilimo, FAO, yote mawili yalisema marufuku ya chakula si dawa inayofaa kwa kipindupindu. Hoja yao ilikuwa kwamba ugonjwa huu huenezwa zaidi na maji na uchafu majumbani, kwamba kijidudu chake hakistahimili kupikwa wala kukaushwa, na kwamba historia ya biashara ya kimataifa haina mlipuko mkubwa ulioletwa na chakula kilichonunuliwa nchi za nje kwa njia rasmi. Tanzania ililifikisha suala Geneva, kwenye kamati ya Shirika la Biashara Duniani inayosimamia masharti ya afya ya chakula. Mwishoni mwa Juni 1998 marufuku ikaondolewa. Hasara ikabaki kwa waliokwisha kuipata.

Sasa mtazame mvuvi wa Pangane. Samaki wake hupasuliwa, hukunjuliwa kama kitabu, hutiwa chumvi na kuanikwa juani mpaka awe mkavu wa kugonga. Huyo ng'onda hakuwa akielekea Hispania. Alipanda nyanda za juu za Mueda, au alikwenda Nampula, au alivuka Ruvuma kwenda Mtwara. Ustadi huohuo, unaodharauliwa kuwa wa kizamani, ndio unaokiua kijidudu kilichotisha Ulaya nzima. Sioni popote kwenye hati ile ambapo ng'onda alipewa heshima hiyo.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1999 ikaja marufuku nyingine, ya sumu ya kuvulia ziwani, nayo haikuigusa Msumbiji. Mwaka 2005 serikali ya Maputo iliunda taasisi ya ukaguzi wa samaki, INIP, kwa wakati wake, kwa sababu Januari 2006 sheria mpya za Ulaya za usafi wa chakula zilianza kutumika. Januari 2010 kikaongezwa cheti cha kuthibitisha kuwa samaki hakuvuliwa kwa wizi. Maabara kubwa za taasisi zilikaa Maputo, Beira na Quelimane, zikiwafuata kamba wa kusafirishwa. Kutoka Palma hadi Quelimane kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Mtwara iko ng'ambo tu ya mto, na kwa miaka mingi wanunuzi wa huko ndio waliowachukua pweza na jongoo bahari wa pwani hii.

Halafu vita: waasi walishambulia Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Palma Machi 2021. Nani angezungumzia vyeti?

Hata hivyo kuna uzembe ambao vita haviwezi kusingiziwa. Masharti ya Ulaya huchapishwa pia kwa Kireno, lugha ya serikali ya Msumbiji. Ofisa wa Maputo anaweza kuyasoma siku yanapotoka, bila kumsubiri mkalimani. Kutoka mezani kwake hadi kwa mnunuzi wa Palma, anayezungumza Kimwani na Kiswahili, sijui aliyepewa kazi ya kuyafikisha. Mimi sijapata kuyaona kwa Kimwani, hata ukurasa mmoja wa kubandika ukutani pale pwani samaki wanapopimwa.