Foleni, mlolongo na dalali

"Mathe, nimetuma."

"Haijaingia."

Maneno haya husikika kutwa kwenye vibanda vya Kawangware, na ndani yake mna istilahi mbili ambazo waandishi wa programu wanazihangaikia bure. Kutuma ni shughuli ya seva moja, kuingia ni ya nyingine. Kati ya mawili hayo kuna muda, na hapo ndipo lilipo swali: mtumaji angoje, au aache ujumbe aendelee na mengine?

Safaricom walipoleta Daraja mwaka 2017, ili programu za watu wengine zizungumze na M-Pesa, jina lilikuwa tamu ila linapotosha kidogo. Huvuki ukarudi na jibu mkononi. Programu ya duka huomba malipo, huambiwa ombi limepokewa, basi. Mteja akishaweka PIN, matokeo hupelekwa kwenye anwani ambayo duka liliitoa mapema. Hilo naliita jibu la baadaye. Programu inayorudi kila mara na "imeingia? imeingia?" inaulizia tu, kitenzi tunacho.

Kazi iko kwenye njia ya tatu, ujumbe unapowekwa mahali hadi seva ya pili iwe tayari kuuchukua. Mlolongo ungefaa, lakini Wakenya wanaukumbuka mchujo wa KANU wa 1988, wapiga kura walipojipanga nyuma ya wagombea na kuna mahali mstari mfupi ukatangazwa mshindi. Neno limeshaingia doa. Nachagua foleni, ile ya vioski vya maji Kibera: mitungi ya lita 20 imejipanga, wenyewe hawapo. Mmoja anafua, mwingine yuko kibaruani, mtungi umemshikia nafasi. Bomba likikauka katikati, mitungi ambayo haijajazwa hubaki palepale.

Na anayesimamia foleni? Kiingereza kimempa jina la dalali, "broker". Hapana. Dalali hupandisha bei akakata chake. Tarishi naye ni mtu wa kwenda, huyu hatoki. Afadhali mtunzafoleni. Haufuti ujumbe mpaka seva ya pili ikiri kuupata, na ukiri huo ukipotea njiani, anautuma tena. Kwa hiyo mpokeaji asihesabu meseji, akague namba ya muamala. Zikija mbili zenye namba moja, mteja amelipa mara moja.