Huntha, Hanithi na Ukanda wa Bwana Burton

Mzozo juu ya watu waitwao mashoga, ambao umekwisha kufika hata kwenye vijiwe vya kahawa vya Mwandiga, umedhihirisha kwamba aghalabu ya wanaolaani hawajui wanamlaani nani. Aliyezaliwa na viungo visivyobainika kuwa vya kiume wala vya kike, mwanamume mwenye mwendo na sauti ya kike, na mwanamume atamaniye wanaume wenziwe, wote hao hutupiwa tusi moja, ilhali wazee wa pwani waliwapambanua.

Mwalimu mmoja wa madrasa hapa Mwandiga, aliyeomba jina lake lisiandikwe, alinifungulia mlango wa mirathi katika kitabu cha fikihi ya Kishafi, akaweka kidole juu ya neno khuntha. Huyo ndiye huntha wetu, yule wa viungo visivyobainika. Na maadamu hali yake haijabainika, yeye na warithi wenziwe hupewa kila mmoja lile fungu dogo lililo yakini, na kinachosalia huwekwa mpaka mambo yapambanuke au wasuluhiane. Hanithi, yule mwenye mwendo na sauti ya kike, ni mwingine kabisa, na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliwatenga wa namna mbili: aliyeumbwa na tabia hiyo, asiye na lawama kwayo, na ajitiaye kwa kusudi, ambaye ndiye alaumiwaye.

Ajabu ni Richard Burton. Mwingereza huyu, mjuzi wa Kiarabu, aliwasili Ujiji, jirani na hapa Mwandiga, mwezi Februari 1858, hali homa imemnyong'onyeza miguu hata akawa wa kubebwa. Na mwaka 1885, katika hitimisho la tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela, akaizungushia dunia ukanda, akadai kwamba mapenzi ya wanaume kwa wanaume hushamiri humo kwa sababu ya tabia ya nchi, nao ukanda wenyewe ukapita Moroko hadi Misri, ukawaacha karibu watu weusi wote nje. Wapo leo wanaokariri dai hilo bila kumjua mwenyewe, huku wakijiona wanaitetea Afrika. Mwaka 1899 jarida moja la Berlin likachapisha habari za Unguja zilizotoka kwa Oscar Baumann, aliyekuwa konsuli wa Austria huko: Waunguja, kwa mujibu wa habari hizo, walimpambanua mwanamume aliyezaliwa na hamu ya wanaume wenziwe, wakamwita mke-si-mume na kusema ni amri ya Mungu, mbali na mwenye kujiuza kwa fedha. Hawa hawakuwa wamesoma kitabu chochote cha Berlin.

Baadaye wataalamu wametuletea jinsi na jinsia, mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia, maneno ya semina ambayo hayajateremka sokoni. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 154, hushughulika na tendo, si na namna ya mtu. Kenya iliwahesabu huntha wake mwaka 2019, ikapata 1,524. Karani wetu wa sensa ya 2022 aliuliza tu me au ke.