Mng'aro na Hadhi: Vyombo Vyeusi vya Ikulu ya Buganda na Suala la Kurejeshwa kwa Malikale

Nateete, kitongoji cha Kampala kilicho kwenye barabara ya Masaka, kilikuwa katika miaka ya 1880 makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, na vilevile kituo cha wamisionari wa Kianglikana akiwemo Alexander Mackay. Wageni hao walikwenda ikulu ya Kabaka kuomba kibali. Habari za bunduki na vitambaa vyao zinafahamika vyema. Za vyombo vya udongo walivyovikuta huko, kidogo sana.

Hata hivyo, udongo nao ulikuwa na siasa yake. Chungu cha kawaida kilitiwa nakshi kwa kuviringisha msokoto wa nyasi juu ya udongo mbichi. Chombo cha Kabaka kilifinyangwa na mafundi wake maalumu, kina Kujjona: kilipakwa grafiti, kikasuguliwa kwa kokoto laini hadi kikang'aa mithili ya chuma, na umbo lake likaiga kibuyu chenye shingo nyembamba. Pambo, basi, lilikuwa mng'aro wenyewe. Wamaya wa kale waliandika jina la mwenye kikombe cha kakao kwenye ukingo wake. Buganda ilimtambulisha mwenye chombo kwa weusi unaometa. Bunyoro nako walifinyanga vyombo vya namna hiyo.

Matumizi ya udongo kwa shughuli zisizo za jikoni ni ya kale zaidi. Kichwa cha udongo kilichofukuliwa Luzira mwaka 1929 kimetangulia kwa karne nyingi ujio wa wageni wa Nateete. Kimehifadhiwa London.

Mmisionari John Roscoe, aliyechapisha kitabu chake kuhusu Waganda mwaka 1911, alipeleka malikale nyingi Chuo Kikuu cha Cambridge. Juni 2024 chuo hicho kilirudisha vitu 39 katika Jumba la Makumbusho la Uganda, vikiwemo vyombo vya udongo. Vimekuja, lakini kwa mkopo wa awali wa miaka mitatu. Neno "kurejeshwa" linabeba zaidi ya mkataba wenyewe. Muda huo unaisha mwaka 2027. Watakaoketi mezani wakati huo watahitaji hoja ya umiliki, na pia maelezo ya Kiganda kuhusu kila chombo: kilikuwa cha nani, kilinywewa nini, na nani aliruhusiwa kukigusa.