Habari za Mwaka Shule Zilipofungwa

Msomaji mpenzi, habari za kale husomwa shuleni mara nyingi kana kwamba ni mali ya watu waliokwisha kufa. Mwalimu hutaja 1895, au 1920, au 1963, nawe huandika. Habari nitakayokusimulia hapa si ya namna hiyo, kwa maana wewe mwenyewe ulikuwamo. Yamkini ulikuwa mtoto wa miaka saba au tisa, ukivaa sare ya shule ya msingi, na siku moja ukaambiwa usirudi shuleni. U shahidi wa mambo hayo. Lakini shahidi mdogo huona yaliyo mbele ya macho yake tu, na hapana budi wengine wamweleze yaliyokuwa yakitendeka upande wa pili wa ukuta.

Nimependa kuisimulia kutoka Kinoo. Mahali hapo pako kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, ukiisha kupita Uthiru na kabla hujafika Muthiga. Kwa mipaka ya serikali ni Kaunti ya Kiambu, lakini kwa maisha ya kila siku ni Nairobi, maana wengi wa wakazi wake hulala huko na kufanya kazi mjini. Mashamba ya mahindi na viazi yamegeuka kuwa majumba ya ghorofa ya kupangisha, na katikati ya majumba hayo mna shule nyingi za msingi za kibinafsi, nyingine zikiwa na uwanja usiozidi ua wa nyumba. Shule za umma nazo zipo, na zimejaa. Mahali pa namna hii ndipo pafaapo kuonyesha amri ya serikali ilivyomfikia mtoto wa kawaida, ambaye si tajiri wala si maskini wa kutupwa.

Siku ya Ijumaa, 13 Machi 2020, Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini Kenya. Jumapili iliyofuata Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Sikiliza kwa makini jinsi amri ile ilivyopangwa. Shule za bweni zilipewa hadi Jumatano, tarehe 18. Vyuo vikuu vilipewa hadi Ijumaa, tarehe 20. Lakini shule za kutwa zilitakiwa zisimamishe masomo kesho yake, Jumatatu. Watoto wa shule za msingi wa Kinoo, ambao karibu wote ni wa kutwa, hawakupata hata siku moja ya kuagana. Vitabu vilivyoachwa ndani ya madawati Ijumaa jioni vilibaki humo.

Haikuwa Kenya peke yake. Kufikia Aprili mwaka ule, shirika la UNESCO lilihesabu zaidi ya nchi 190 zilizokuwa zimefunga shule zao, na wanafunzi yapata bilioni 1.5 walikuwa nyumbani. Tangu shule zianze duniani, jambo kama hilo halikuwa limetokea.

Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu, yaani marufuku ya kutoka nje tangu saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili watu wakakatazwa kuingia Nairobi na viunga vyake au kutoka. Mpaka wa viunga hivyo, kwa upande wa barabara ya Nakuru, ulifika Rironi. Basi Kinoo ilikuwa ndani ya boma. Mtu wa mbali aweza kudhani kwamba jambo hili liliwahusu wafanyabiashara na madereva tu. La, liliwahusu watoto kuliko wote. Desturi ya wazazi wapangao nyumba karibu na mji ni kuwapeleka watoto kwa nyanya yao mashambani shule zinapofungwa. Waliowahi kuwapeleka kabla ya tarehe 6 hawakuweza kuwaendea mpaka amri ilipoondolewa tarehe 7 Julai, miezi mitatu baadaye. Wasiowahi, walikaa nao katika chumba kimoja au viwili, ghorofa ya tatu au ya nne, na mlango ulifunguka kwenye ngazi. Ngazi zile ndizo zilizokuwa uwanja wa michezo. Wakubwa kidogo walishuka hadi barabara kuu, iliyokuwa ikipanuliwa wakati huo, wakacheza juu ya vilima vya udongo vilivyoachwa na mitambo.

Hapa yafaa tusimame tutazame nyuma, kwa kuwa neno kafyu halikuwa geni katika nchi ya Wagikuyu. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na katika miaka iliyofuata watu wa Kiambu walizoea kuamriwa waingie ndani kabla ya usiku. Tena shule zilifungwa wakati ule pia. Kuanzia miaka ya 1920 na 1930 Wagikuyu walikuwa wamejijengea shule zao wenyewe, zisizokuwa chini ya wamishenari, na 1939 chuo cha walimu kikafunguliwa Githunguri chini ya Mbiyu wa Koinange. Hali ya hatari ilipokuja, serikali ilikifunga chuo hicho pamoja na shule zile, kwa kudai kwamba zalisha uasi. Wako wazee waliozuiwa kwenda shule mara hiyo wakiwa watoto, wakaishi hata kuona wajukuu wao wakizuiwa mara ya pili.

Usije ukadhani kwamba nalinganisha mambo mawili yaliyo sawa. Amri ya 1952 ilitolewa kwa kuogopa watoto watakayojifunza. Amri ya 2020 ilitolewa kwa kuogopa maradhi watakayopeana. Ya kwanza iliwachagua watoto wa kabila moja na ya pili iliwashika wote. Lakini katika jambo moja zafanana: kufunga shule ni kazi ya tangazo moja, na kuifungua ni kazi ya miaka. (Na kwa wapendao kukariri tarehe: kafyu ya korona iliondolewa siku ya Mashujaa, 20 Oktoba 2021, yaani siku ile ile ya mwezi ambayo hali ya hatari ilitangazwa miaka 69 nyuma yake.)

Je, masomo yalikoma kabisa? Serikali ilisema hayakukoma. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ilianza kurusha vipindi vya masomo kwa njia ya redio ya KBC na televisheni, na vingine viliwekwa kwenye intaneti. Lilikuwa jambo jema, na redio ya shule si jambo jipya katika Kenya. Lakini twende tena Kinoo, tuingie katika chumba kile cha ghorofa ya tatu. Simu yenye intaneti ni moja, na ni ya mama. Mama hutoka nayo asubuhi kwenda kazini, kwa sababu bila simu haitwi kazini. Akirudi jioni, bando imekwisha. Televisheni ipo, lakini watoto ni watatu, nao wako katika madarasa matatu. Shirika la Usawa Agenda lilipochunguza jambo hili 2020 katika kaunti mbalimbali, lilikuta kwamba ni mtoto mmoja hivi katika kila watano aliyekuwa akifuata masomo kwa njia hizo. Wanne waliobaki hawakuwa wavivu. Hawakuwa na chombo, au hawakuwa na umeme, au hawakuwa na mtu mzima wa kukaa nao.

Na walimu? Hapa ndipo msomaji ajuapo shule kwa upande wa dawati tu asipoona. Walimu walioajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu waliendelea kupokea mshahara muda wote huo. Wale wa shule za kibinafsi, pamoja na wale walioajiriwa na bodi za shule za umma, walitegemea karo na michango ya wazazi; na mzazi aliyeachishwa kazi hotelini au kiwandani halipi karo ya shule iliyofungwa. Mshahara ukakoma mwezi wa kwanza au wa pili. Katika mitaa kama Kinoo uliweza kununua mayai, mboga, au barakoa za kitambaa kwa mtu aliyekuwa akifundisha hesabu mwezi Februari, naye akikuhudumia kwa sauti ile ile ya darasani. Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, kulikuwa na shule ambayo madarasa yake yaligeuzwa vibanda vya kuku, na picha zake zikaonekana ulimwenguni kote. Wengine waliziona picha hizo kama kichekesho. Mimi sikuona cha kuchekesha: mwenye shule alikuwa na majengo, madeni, na wafanyakazi, na kuku walitaga kila siku.

Tarehe 7 Julai 2020 Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea, mitihani ya darasa la nane na kidato cha nne haitafanywa, na wanafunzi watarudi Januari 2021. Wakati huo huo nchi ilikuwa imeshikwa na fadhaa kwa habari za wasichana wenye mimba. Mwezi Juni magazeti yaliandika kwamba katika Machakos peke yake wamepatikana karibu 4,000, na watu wakasema hayo ndiyo matunda ya kufunga shule. Baadaye ikaelezwa kwamba hesabu ile ilitoka katika vitabu vya kliniki tangu Januari, na kwamba ilikuwa na wasichana hadi wa miaka 19. Maana yake wengi wao walikuwa wajawazito kabla shule hazijafungwa. Hatari yenyewe ilikuwa ya kweli, na wako wasichana ambao hawakurudi darasani. Lakini wewe usomaye historia, kila uonapo hesabu kubwa, uliza kwanza ilihesabiwa tangu lini, na nani aliyehesabiwa.

Tangazo la Julai halikudumu. Maambukizo yalipopungua, serikali ilibadili shauri, na tarehe 12 Oktoba ikawaita madarasa matatu tu: darasa la nane na kidato cha nne, kwa ajili ya mitihani yao, na gredi ya nne, lililokuwa darasa la kwanza katika gredi hiyo chini ya mtaala mpya wa umilisi. Basi katika shule za msingi wakarudi wadogo wa miaka kumi na wakubwa wa miaka kumi na minne, na kati yao pakawa patupu. Mitungi ya maji yenye bomba iliwekwa langoni; kila mtoto alinawa, akapimwa joto kwenye paji la uso, akaingia na barakoa. Kwa kuwa madarasa mengine yalikuwa matupu, wanafunzi waliweza kutawanywa, na amri ya kuketi mbali mbali ikafuatwa.

Tarehe 4 Januari 2021 walirudi wote. Ndipo amri ile ilipojivunja yenyewe. Darasa la watoto sitini halina mahali pa kumweka kila mmoja umbali wa mita moja na nusu; tena shule za umma zilipokea watoto ambao shule zao za kibinafsi hazikufunguka tena. Waziri alikuwa ameshauri watoto wasomeshwe chini ya miti pale madarasa yasipotosha, na mafundi wa mitaani wakapewa kazi ya kutengeneza madawati. Ushauri wa miti ulichekwa mno. Kwa haki, babu zetu wengi walijifunza kusoma chini ya mti. Ila Kinoo ya ghorofa miti yenyewe ndiyo iliyokuwa haba.

Majirani walifuata njia nyingine. Tanzania ilifunga shule tarehe 17 Machi 2020, na kufikia 29 Juni mwaka huo huo watoto wake wote walikuwa wamerudi. Uganda ilifunga mwezi ule ule wa Machi, ikafungua kidogo, ikafunga tena, na haikuwarudisha wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Kenya ilikaa katikati.

Sasa sikiliza jinsi deni lilivyolipwa. Kumbuka kwamba mwaka wa 2020 haukufutwa kama ilivyotangazwa Julai. Watoto waliorudi Januari 2021 waliingia muhula wa pili wa mwaka uliokwisha pita. Darasa la nane la 2020 lilifanya mtihani wake tarehe 22 Machi 2021, na vijana hao wakaingia kidato cha kwanza mwezi Agosti. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza tarehe 26 Julai. Ili kuufikia mwaka wa kalenda, wizara ilifupisha masomo hadi yapata wiki 30 kwa mwaka badala ya 39, na likizo zikawa za siku chache. Katika mwaka mmoja wa 2022 mtihani wa darasa la nane ulifanywa mara mbili, Machi na Novemba. Silabasi haikupunguzwa kwa kiasi hicho. Kilichopunguzwa ni pumziko. Mwalimu alikimbia, mtoto akakimbia nyuma yake, na mzazi alitafuta karo ya muhula mpya kabla hajamaliza ya ule uliopita. Kwa maoni yangu, husemwa mno juu ya miezi ile ya kukaa nyumbani, na husemwa haba juu ya miaka hii miwili ya mbio, ingawa ndiyo iliyowachosha watoto zaidi.

Mihula ilirudi mahali pake tarehe 23 Januari 2023, shule zilipofunguliwa kwa mwaka mpya katika mwezi wa kwanza, kama zamani. Katika majuma yale, watoto walioitwa Oktoba 2020 wakiwa gredi ya nne waliingia gredi ya saba, nao wakawa wa kwanza kuiingia. Wengi wao hawakuhama. Sekondari ya chini iliwekwa ndani ya shule zile zile za msingi, nao wakanyoosha mstari katika uwanja walioujua. Mitungi ya maji ilikuwa bado langoni, mingine imekauka, na bomba za mingine zimeng'olewa.