Mizani na Istilahi: Historia Fupi ya Ukokotoaji wa Tungamo za Vitendanishi

Historia ya kemia husimuliwa mara nyingi kama historia ya mizani. Makala haya yanadai kwamba ni historia ya istilahi vilevile, na kwamba dai hilo linawahusu wapangaji wa sera ya lugha katika ukanda wetu.

Mwaka 1789 Antoine Lavoisier alieleza kuwa katika mmenyuko wa kemikali mata haiongezeki wala haipungui: tungamo ya vitendanishi ni sawa na ya mazao yake. Mwaka 1792 Mjerumani Jeremias Benjamin Richter alianza kuchapisha vipimo vya kiasi cha asidi kinachotosha kumaliza nguvu ya kiasi fulani cha besi. Taaluma hiyo aliiita stoikiometria, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya elementi na kipimo. Hata hivyo, maandishi yake yalikuwa magumu na yalisomwa na wachache. Yalianza kueleweka mwaka 1802, Ernst Gottfried Fischer alipoyapanga matokeo katika jedwali moja.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi. John Dalton aliamini kuwa chembe ya maji ina atomu moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni. Tuchukue gramu 4 za haidrojeni: zinahitaji takriban gramu 32 za oksijeni, na mazao ni gramu 36 za maji. Anayeandika HO na kuipa oksijeni thamani ya 8 hupata jibu hilo; anayeandika H₂O na kuipa 16 hupata lilo hilo. Mizani peke yake haikuweza kuwaamua.

Kwa sababu hiyo, Septemba 1860 wanakemia walikutana Karlsruhe kujadili maana ya atomu, molekuli na ekwivalenti. Walitawanyika bila mwafaka rasmi, lakini kijitabu cha Stanislao Cannizzaro cha mwaka 1858, kilichogawiwa hapo, kilitenganisha atomu na molekuli kwa uwazi uliowashawishi wengi baadaye.

Kiswahili kina mgogoro unaofanana na huo. Katika mazungumzo ya kawaida, neno uzito hubeba dhana mbili ambazo fizikia huzitenganisha. Nazo tungamo na masi hushindania dhana moja. Nchini Tanzania, mwanafunzi aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi hukutana na ukokotoaji huu sekondari, kwa Kiingereza. Asipokuwa na istilahi thabiti ya kuanzia, hukariri kanuni bila kujua kinachopimwa.

Kamusi za istilahi tunazo, ikiwamo ile ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Kinachohitajika ni mabaraza ya lugha na taasisi za mitaala za nchi jirani kukubaliana istilahi moja kwa dhana moja, kisha kuitumia vitabuni na katika mitihani. Karlsruhe inatufunza kuwa mjadala wa maneno ni sehemu ya sayansi yenyewe.