Geji iliyokufa (magari ya zamani)

Geji iliyokufa ni jina ambalo mafundi umeme wa magari hulitumia kwa kipimo chochote cha dashibodi ambacho mshale wake haunyanyuki, umeganda mahali pamoja, au unasema uongo. Kwa mafundi wa Mwananyamala, Tandika na Mbagala jijini Dar es Salaam jina hilo humaanisha kwanza geji ya mafuta, kisha ya joto. Lakini jina linapotosha. Geji yenyewe huwa ya mwisho kufa. Kilichokufa kwa kawaida kiko nyuma yake, kwenye floti ya tangi, kwenye stabilaiza au kwenye ethi, yaani muunganisho wa umeme na bodi ya gari.

Makala hii inahusu magari yaliyotangulia kompyuta, hasa Land Rover za Series, ambazo kizazi chake cha kwanza kilitoka mwaka 1948 na ambazo kwa miongo mingi zilibeba maofisa, askari, mapadri na watu wa mbuga katika Tanzania nzima. Mengi ya yanayofuata yanafaa pia kwa Peugeot 504 na Datsun za umri huo. Volkswagen Beetle za miaka ya 1950 hazimo: hazikuwa na geji ya mafuta kabisa. Injini ilipoanza kukohoa, dereva alizungusha bomba la akiba kwa mguu au mkono, akaanza kutafuta kituo.

Geji nyingi za Kiingereza za miaka ya 1960 na 1970, zenye chapa ya Smiths, hufanya kazi kwa joto. Ndani yake kuna kibamba cha metali mbili zilizoshikamana, kimezungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita, waya unapata moto, kibamba kinajikunja kwa sababu metali hizo hazitanuki sawa, na mshale unasukumwa. Ndiyo maana mshale huo hupanda taratibu baada ya kuwasha swichi, wala haurukiruki gari linapopita kwenye mashimo. Kiasi cha umeme kinachopita huamuliwa na floti: mkono wenye boya unaoteleza juu ya waya wa ukinzani ndani ya tangi. Tangi likijaa, ukinzani unapungua na mshale unapanda.

Geji ya namna hii hudanganyika kirahisi na betri, kwa kuwa gari likiwa limezimwa betri ina volti 12 na ushee, na alternata ikichaji zinafika 14. Kwa hiyo nyuma ya dashibodi huwekwa stabilaiza, kikopo kidogo cha bati kinachozipa geji za mafuta na joto wastani wa volti 10. Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Stabilaiza ya asili haitoi volti 10 zilizotulia; inakata na kuunga, kukata na kuunga. Ukiipima kwa mita ya dijitali utaona namba zikicheza kati ya sifuri na 12, na kijana aliyezoea magari ya Kijapani ya leo ataitupa akidhani imeharibika. Taa ya testa inasema ukweli zaidi: ikikonyeza, stabilaiza ni hai. Ikiwaka mfululizo bila kukonyeza, tazama ethi ya kikopo kabla ya kununua kingine, kwa sababu stabilaiza isiyo na ethi hupitisha volti zote na kuzipandisha geji zote mbili pamoja.

Neno hilo, pamoja, ndilo linalookoa saa nzima ya kazi. Geji za mafuta na joto zikifa zote kwa siku moja, au zikipanda zote, tatizo ni la kile zinachoshiriki: fyuzi, waya wa swichi, au stabilaiza. Ikifa ya mafuta peke yake, achana na dashibodi, nenda kwenye tangi.

Kwenye Land Rover yenye usukani wa kulia, tangi la kawaida, lenye lita kama 45, limo chini ya kiti cha dereva. Fundi anatoa mto wa kiti, anafungua kifuniko cha bati, na floti iko mbele ya macho yake. Anachomoa waya wa floti huku swichi ikiwa imezimwa, anaunganisha ncha yake na bodi mbali na mdomo wa tangi, kisha anamwambia mwenzake awashe swichi. Mshale ukipanda hadi kwenye F, geji na waya ni vizima, na anazima haraka kabla kibamba hakijaungua. Usipopanda, waya umekatika njiani au geji yenyewe ndiyo mbovu. Magari ya General Motors ya Marekani hufanya kinyume: waya ukigusa bodi, mshale unashuka.

Jaribio la pili ni kuipa floti ethi mpya kwa kipande cha waya. Mshale ukiamka, kazi imekwisha kwa msasa. Hewa ya chumvi ya Dar es Salaam hula kila kiungo, na bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu huku boliti zake ni za chuma. Mahali vinapokutana huota unga mweupe usiopitisha umeme. Nimeona geji mbili za spea zikinunuliwa Kariakoo kwa sababu ya unga huo.

Ethi ikiwa safi, floti hutolewa. Boya la shaba lililotoboka hunywa petroli na kuzama, na geji husema E hata tangi likiwa limejaa. Litikise karibu na sikio. Kisha litumbukize kwenye maji ya moto: mapovu yataonyesha tundu. Kulilehemu kwa risasi likiwa na petroli ndani ni kujitafutia mlipuko. Waya wa ukinzani nao huchakaa, na kwa gari linalowekewa mafuta ya elfu kumi elfu kumi huchakaa zaidi upande wa chini, kwa kuwa mkono huishi huko. Gari la hivyo husoma vizuri likiwa nusu, kisha hupoteza akili robo inapoingia, yaani pale hasa dereva anapoihitaji geji.

Geji ya joto hufuata kanuni zilezile, ila sensa yake hupata ethi kupitia nyuzi zake kwenye injini. Fundi anayeizungushia tepu ya mabomba ili isivuje huikata ethi hiyo, na mshale unabaki chini wakati rejeta inachemka. Aina ya zamani zaidi haina umeme hata kidogo. Ina bomba jembamba la shaba lenye kimiminika, kutoka injini hadi dashibodi. Hiyo hupimwa kwa sufuria. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, maji yanayotokota ni nyuzi 100, na mshale unapaswa kusimama hapohapo. Bomba likikatwa, hata kwa bahati mbaya ya bisibisi, haliungwi gerejini.